Mwanakondoo Aliyekula Nguvu Zangu

Mama mkwe wangu, Velika, alimwaga dawa yangu kutoka kwenye kopo, akajaza unga wa mchele na sukari mahali pake, akaniacha ninywe hivyo kwa wiki saba huku watu wakiniita mvivu na mwongo. Alijua, na alikaa kimya. Nalisema hilo mwanzoni ili mtu asidhani nalalamikia maradhi. Maradhi hayana uso. Velika anao, na kila asubuhi nauona ukinywa kahawa upande wa pili wa meza.

Mimi naitwa Nedka. Darasani sikufika mbali. Mama yangu alikufa nikiwa na miaka kumi, nikabaki na kondoo na wadogo zangu. Ninachokijua nimekijua kwa mikono. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa msaidizi wa mpishi katika chekechea ya kijiji chetu, mimi na Mitra, sufuria moja tukiibeba wawili, yeye mkono huu, mimi mkono ule. Nilikuwa mnene. Watoto wanne walinikumbatia kwa pamoja wasinizunguke, na walilipenda jambo hilo kuliko mimi. Magoti yakaanza kufa, sukari ikapanda, nikawa napanda ngazi tatu za jikoni kama mtu anayepanda mlima na gunia. Mizani ilisema kilo mia na thelathini na nane. Ndipo mwezi wa kwanza, theluji ikiwa bado chini, nikaenda mjini kupasuliwa.

Daktari Mangarov alinikata tumbo la chakula, akaniachia mfuko wa ukubwa wa yai. Alinieleza polepole, maana aliona mimi si mtu wa karatasi.

"Nedka, utachoka. Utachoka uchovu ambao hujawahi kuujua. Mwili utakuwa unakula akiba yake. Usipoupa protini utaanza kula misuli yako, na hutakuwa na nguvu hata ya kuinua kijiko. Unanisikia?"

"Nasikia, daktari."

"Nyama, maziwa, yai, samaki. Vikikushinda, hii hapa." Akanipa kopo kubwa jeupe lenye unga wa maziwa uliotengenezwa hospitali, unaonukia vanila. "Vijiko viwili kwenye maji baridi, mara tatu kwa siku. Na sukari usiiguse. Sukari itakutupa chini."

Nikarudi nyumbani. Wiki za kwanza nilikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Nikikaa kitandani kuvaa soksi, baada ya soksi moja napumzika kabla ya kuvaa ya pili. Lakini kopo nililifuata kama saa. Na nilikuwa na kipimo changu. Kutoka lango letu hadi chekechea kuna nguzo za umeme ishirini na mbili. Wiki ya kwanza nilifika nguzo ya tatu. Wiki ya tatu nguzo ya tisa. Wiki ya tano nilifika ya kumi na saba, nikaegemea pale, nikasikia watoto wakiimba dirishani, nikalia kwa furaha kama mjinga.

Mwalimu mkuu, Bibi Kaludova, aliniona siku hiyo akaja hadi kwenye nguzo.

"Nedka, umepungua mpaka nimekutambua kwa kitambaa tu. Nafasi yako naishikilia mpaka wiki ya sita ya Kwaresima. Mpwa wa meya anaitaka, nakuambia ukweli. Wiki ya sita uwe jikoni, la sivyo nitamwandika yeye."

"Nitakuwa nimefika kabla," nikamwambia. Zilibaki nguzo tano tu. Nani angeona ugumu hapo?

Ikaja Jumapili ya Msamaha, ile ya mwisho kabla ya mfungo. Kwetu siku hiyo wadogo huwaendea wakubwa, hubusu mkono na kuomba msamaha wa mwaka mzima. Mume wangu Dinko alifunga kipande cha halua kwenye uzi mwekundu, akauning'iniza darini kwa pini, akauzungusha, na watoto wa jirani wakaruka na vinywa wazi kuidaka bila mikono. Velika alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

"Mwacheni Nedka naye ajaribu! Zamani uzi usingemaliza mzunguko, angemeza na pini."

"Sasa nimekatwa tumbo, mama. Hata pini haina pa kukaa."

Tulicheka. Kisha nikapiga goti, goti ambalo sasa lilikubali kukunjika, nikaubusu mkono wake. "Nisamehe, mama, kwa niliyotenda na nisiyoyajua."

"Mungu amekusamehe, mwanangu. Nami nimekusamehe."

Kesho yake asubuhi, mimi nikiwa bado nimelala, akalimwaga kopo.

Wakati ule sikujua. Nilichokijua ni kwamba mfungo umeanza, na katika nyumba ya Velika mfungo ni mfungo: hakuna nyama, hakuna jibini, hakuna mtindi wala yai. Padri alishasema mgonjwa hafungi, lakini kuchemsha yai mbele ya Velika wiki ya Kwaresima ni kutafuta vita. Nikajiambia: yanini? Ninalo kopo. Kopo ni dawa, na dawa haina mfungo. Nikala supu yake ya maharage iliyochujwa, vijiko vitano, nikanywa kikombe changu, na tumbo likawa limejaa.

Kikombe kilikuwa kitamu kuliko zamani. Nesi alinionya kwamba baada ya kupasuliwa ulimi hubadilika, kuna wanaoona nyama inanuka sabuni. Nikadhani ndiyo hayo.

Siku ya tatu, nusu saa baada ya kunywa, moyo ulianza kukimbia. Jasho likanitoka kuanzia nyuma ya masikio, mikono ikatetemeka, macho yakaona giza la pembeni. Nililala chini, kwenye zulia la jikoni, kwa sababu kitanda kilikuwa mbali. Velika alinipita akiwa na kapu la vitunguu.

"Umelala hapo kwa nini?"

"Nguvu zimenitoka, mama."

"Nguvu hutoka kwa anayefanya kazi."

Wiki ile nilirudi nyuma hadi nguzo ya kumi na mbili. Wiki iliyofuata, ya nane. Nywele zilianza kubaki kwenye chanuo, kisha kwenye mto. Nikisimama naona nyota. Nikizungumza, sentensi inaniishia katikati kwa kukosa pumzi ya kuimalizia. Na kadiri nilivyochoka ndivyo nilivyokunywa kopo kwa bidii, mara nne badala ya tatu, maana daktari alisema dawa ya uchovu ni hiyo. Kopo la pili kutoka hospitali Velika ndiye aliyenifungulia. "Kaa, mwanangu, kifuniko kigumu, vidole vyako havina nguvu." Akatoka nalo, akarudi nalo likiwa wazi. Nilimshukuru. Nalikumbuka neno langu: Mungu akubariki, mama.

Kanisani aliwaambia wanawake kwamba nimekatwa tumbo wakanikata na aibu. Walikuwa wakinipitia langoni.

"Nedka, bado umeketi?"

"Bado."

"Eh, na mimi nitafute daktari anikate, nipate kupumzika."

Dinko alifanya kazi ya misumeno huko msituni, alirudi jioni, alikula akalala. Nilipomwambia nazidi kudhoofika alisema, "Vumilia. Mama anasema ni kawaida." Na uani, kwenye banda, mwanakondoo aliyewekwa achinjwe Siku ya Mtakatifu Georgi, aliyefiwa na mama yake, alikuwa akinenepa ajabu. Majirani walikuja kumtazama. "Velika, unampa nini huyu?" Naye anajibu, "Mkono wangu una baraka."

Wiki ya nne ya mfungo nikarudishwa kwa Daktari Mangarov. Velika alinisindikiza. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani, vidole vyote kumi juu ya mkoba. Daktari alitazama kucha zangu, akavuta kope ya chini, akatazama karatasi ya damu, akakunja uso.

"Unakula nini?"

"Kopo, daktari. Mara tatu, wakati mwingine nne."

"Na baada ya kula unajisikiaje?"

Nikamweleza moyo, jasho, kutetemeka. Akaweka kalamu chini.

"Nedka, mimi kazi hii nimeifanya miaka mingi. Hiyo ni sukari. Unakula vitamu."

"Sili, daktari. Naapa kwa mama yangu aliye kaburini."

"Usiape kwa marehemu. Damu haina protini, mwili una sukari. Damu haisemi uongo."

Nikamgeukia Velika. Nilimtaka anishuhudie, yeye anayeniona siku nzima. Aliinua macho kutoka kwenye mkoba wake, akasema, taratibu, kama anayenisaidia:

"Daktari, huyu tangu ujana alipenda sana halua."

Unajua mtu anavyoweza kuambiwa jambo mpaka naye akajishuku? Njiani kurudi nilijiuliza kama naamka usiku nakula bila kujua. Nilifika nyumbani nikazificha funguo za kabati nisizione, nami nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na tisa.

Wiki ya sita ilifika. Nguzo zilikuwa ishirini na mbili zilezile. Nilitoka kabla ya saa kumi na mbili ili nipate muda wa kupumzika kwa kila nguzo, na nilipumzika kwa kila nguzo kweli. Mitra alinikuta kwenye ngazi za jikoni.

"Dada Nedka, uso wako kama jibini la mwaka jana. Rudi nyumbani."

"Leo nikirudi sirudi tena huku. Nipe aproni."

Aproni yangu ilinizunguka mara mbili. Saa nne dengu zikawa tayari, sufuria ya lita ishirini, ile ile tuliyoibeba miaka kumi na tisa. Mitra akashika mkono huu, mimi nikashika ule. "Moja, mbili, juu." Tulipiga hatua tatu. Hatua ya nne mkono wangu haukuwa wangu tena. Sikuteleza wala sikujikwaa. Vidole vilifunguka vyenyewe, nami nikaviangalia vikifunguka. Sufuria ililala upande wa Mitra. Alipiga ukelele mmoja tu, akauma kitambaa chake, maana watoto walikuwa chumba cha pili.

Mguu wake wa kushoto uliungua kuanzia vidole hadi kifundoni. Bibi Kaludova alikuja, akatazama dengu sakafuni, akamtazama Mitra, akanitazama mimi niliyekaa chini mgongo ukutani.

"Nenda nyumbani, Nedka," akasema. Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angesema kwa ubaya.

Jumatatu iliyofuata mpwa wa meya alivaa aproni yangu.

Alhamisi Kuu, ile ambayo kwetu mayai hupakwa rangi, Mitra alikuja akichechemea, mguu ndani ya kiatu cha mumewe. Nilidhani amekuja kunitukana, na kwa kweli alianza hivyo.

"Nimekuja unitazame machoni. Watu wanasema daktari amekukamata na vitamu. Shoga yangu, kama ulikuwa unakula halua, na mimi ndiye niliyeungua, niambie tu. Nitakasirika siku mbili, kisha basi."

"Mitra, sijala."

"Basi ni nini?"

"Sijui. Nakunywa kopo kila siku na kila siku nakufa."

Nilikuwa natetemeka kwa baridi ingawa jiko lilikuwa linawaka. Akasema, "Ngoja nikutengenezee kikombe chako, angalau kiwe cha moto." Sikumkataza, maneno ya daktari kuhusu maji baridi yalikuwa yamenitoka. Alitia vijiko viwili, akamimina maji yaliyochemka kutoka kwenye birika, akakoroga. Mkono wake ukapunguza mwendo. Akainua kijiko. Kilichokuwa ndani ya kikombe kilishuka kizito, kinang'aa, kama uji wa mtoto.

Wapishi wawili tukatazamana. Maziwa hayafanyi hivyo. Maziwa ya unga ukiyamwagia maji ya moto hukatika mabonge mabonge. Kinachovimba na kung'aa ni kitu kimoja, na tumekipika mara elfu moja.

"Huu ni unga wa mchele," Mitra akasema.

"Haiwezekani."

"Nedka, una iodini?"

Kila mwanamke wa kwetu anajua. Ukishuku muuzaji ametia unga kwenye mtindi, unadondoshea tone la iodini. Mtindi safi hubaki na rangi ya kahawia, wenye unga hugeuka buluu. Nikatoa kichupa rafuni. Mitra akamwaga unga wa kopo kwenye sahani, akadondosha tone moja. Lilikuwa jeusi-buluu kabla hajakirudisha kizibo.

Ndipo Velika akaingia. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa rangi, na mkononi alishika yai la kwanza, lile ambalo mkubwa wa nyumba hulipaka mashavuni mwa kila mtu ili mwaka mzima awe mwekundu na mzima. Alikuja moja kwa moja kwangu, yai limeinuliwa.

"Lete shavu, mwanangu. Uwe na afya."

Nikamshika kifundo cha mkono. Sijui nguvu ile ilitoka wapi.

"Mama, ndani ya kopo langu kuna nini?"

Alitazama sahani. Nampa haki yake: hakudanganya.

"Siku walipokupasua niliweka nadhiri kwa Mama wa Mungu. Ukitoka hai, hakuna mtu wa nyumba hii atakayeonja maziwa Kwaresima yote. Na wewe ni mtu wa nyumba hii. Unga ule ni maziwa, imeandikwa kwenye kopo, nilisomewa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nadhiri ikisemwa hutanguka. Nikakuwekea mchele, na sukari ya kukutia nguvu, na vanila usijue. Pesa ya vanila yangu mwenyewe!"

Mitra akatoa sauti ambayo ilikuwa nusu kicheko. "Bibi Velika, nadhiri yako, mguu wangu."

"Na dawa yangu?" nikauliza. "Uliitupa wapi?"

"Chakula hakitupwi, mimi si mpagani. Nilimpa mwanakondoo. Yeye hana mfungo."

Dinko alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Hakuonyesha mshangao. Nilimtazama, akaanza kuikunja kofia.

"Wewe ulijua."

"Tangu wiki ya tatu," akasema. "Nilimwona bandani. Nilidhani ni jambo dogo, Nedka. Unga ni unga. Na yeye ni mama."

Yai lilikuwa bado mkononi mwa Velika. Aliliweka mezani karibu na sahani, akasema anachosema mpaka leo: "Ulitoka hai au hukutoka?"

Jioni ile nilichemsha mayai mawili mbele yake, Alhamisi Kuu, nikala nusu ya moja, ndicho kilichoingia. Kesho yake nusu nyingine. Mitra aliniletea mtindi wa mbuzi, na kopo jipya alilitunza nyumbani kwake, nikawa naenda kunywa huko. Siku ya Mtakatifu Georgi walimchoma mwanakondoo yule. Watu walidhani sitamgusa. Nilikata vipande viwili vidogo kama ukucha, nikatafuna kila kimoja mara thelathini. Nilikuwa nazirudisha nguvu zangu nyumbani. Ilipofika wakati wa kuvuna matunda ya cherry nilifika nguzo ya ishirini na mbili bila kuegemea, nikasimama nje ya uzio, nikamwona mpwa wa meya akitupa maganda ya viazi manene kama kidole.

Nilirudi kwa Daktari Mangarov kumweleza. Alisikiliza, akatabasamu. "Nedka, kila mgonjwa wangu anayekula keki ana mama mkwe." Nesi alinisomea kadi yangu koridoni: "Anakula vitamu kwa siri. Anakana." Imeandikwa hivyo hadi leo. Hata sasa, siku ambazo naosha ngazi za ofisi ya kijiji, kuna saa ambapo mwili unazima kama taa, nakaa kwenye ngazi na ndoo, na anayepita anasema, "Ndiye yule wa halua."

Mwaka huu Jumapili ya Msamaha ilifika tena. Uzi mwekundu, halua, watoto wakiruka. Velika alikaa mahali pake, akanyoosha mkono juu ya kitambaa cha meza, akaungoja mdomo wangu. Sikusogea.

"Mwaka huu huna la kuombea msamaha?" akauliza.

"Ninalo, mama. Nakungoja wewe uanze."

"Mkubwa hamwombi mdogo. Haijawahi kuwa."

"Basi mkono utachoka."

Dinko alinikanyaga mguu chini ya meza. Halua ilikuwa bado inazunguka, hakuna aliyeidaka. Baada ya muda Velika aliurudisha mkono mapajani, akaupangusa kwenye aproni kana kwamba nimeubusu.

Dinko ananidai nisahau. Mimi namdai wiki nne za ukimya wake, na sijui atazilipa na nini. Kwa Velika sitaki kitu kikubwa. Nataka avae koti lake la kanisani, apande basi nami, akae kwenye kiti kilekile cha pembeni, amwambie daktari: hakula halua, nilimpa mimi. Kisha aliseme hilohilo langoni mwa kanisa, wanawake wakitoka, na Mitra akiwepo na mguu wake. Ana miaka themanini na moja na basi linapita mara mbili kwa siku. Bado hajapanda.